Chumvi ndiyo inayoamua: kukuza mtawanyo wa Raman kwa koloidi ya fedha

Leza ikipiga molekuli, mwanga unaotawanyika hurudi karibu wote na rangi ileile. Sehemu ndogo mno hubadili nishati, na badiliko hilo ndilo huitambulisha molekuli; huo ndio mtawanyo wa Raman. Mwaka 1974, Fleischmann, Hendra na McQuillan huko Southampton, Uingereza, walipata ishara kali kutoka kwa molekuli za piridini zilizoshikamana na elektrodi ya fedha yenye uso uliokwaruzwa. Sababu kuu ilieleweka baadaye: elektroni za fedha huyumba pamoja na mwanga, uga wa umeme hukua karibu na uso. Uga ukikua mara 10, ishara hukua takribani mara 10,000, maana mwanga unaoingia na unaotoka wote hukuzwa.

Koloidi, yaani maji yenye chembe ndogo mno za fedha zinazoelea, iliyo rahisi ni ya Lee na Meisel (1982). Yeyusha miligramu 90 za nitrati ya fedha katika mililita 500 za maji yaliyokenekwa, chemsha, tia mililita 10 za sodiamu sitrati ya asilimia 1, kisha endelea kuchemsha saa moja hivi ukikoroga. Maji yakipata weupe kabla ya sitrati, yana kloridi, anza upya. Vyombo vioshwe kwa asidi nitriki, visuuzwe sana.

Wengi wakikosa ishara hulaumu leza. Mimi ningeangalia chumvi kwanza. Sitrati huzipa nanochembe chaji hasi, hivyo husukumana. Chumvi hudhoofisha msukumano huo, chembe zikasogeleana, na katika mianya ya nanomita 1 au 2 ndimo uga hukua kupita kiasi. Tia sampuli kwanza, chumvi baadaye, ili molekuli ziwahi uso wa fedha. Anzia milimoli 10 za chumvi kwa lita, kisha ongeza taratibu. Ikipungua, mianya haipatikani; ikizidi, fedha inatuama chini na ishara inafifia. Na kwa kuwa mkusanyiko wa chembe hauachi kukua, pima kila sampuli baada ya muda uleule.

Leza ya nanomita 532 inafaa kwa fedha. Dhahabu inataka nyekundu ya 633, au infraredi ya karibu ya 785. Ukiona kwenye grafu vilima vipana karibu na 1350 na 1580 sm⁻¹ (kizio cha badiliko la nishati), huenda sampuli inaungua na kuacha kaboni: punguza nguvu ya leza. Pima pia koloidi yenye chumvi bila sampuli, kwa sababu sitrati nayo ina vilele vyake, na ni rahisi mno kuvidhania vya molekuli unayoitafuta.