Nilivyopiga filamu ya kijana wa unga bila sindano hata moja

Filamu yangu fupi ina dakika kumi na nne na ndani yake hamna sindano. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila aliyesikia kwamba napiga filamu ya kijana anayekula unga, yaani heroini, aliuliza swali lile lile: "Sasa sindano mtaitoa wapi?"

Kuna bwana mmoja, ameongoza filamu nyingi hapa mjini, alinipa ushauri ambao nikiukumbuka bado nakasirika. Mpake masizi. Mvalishe shati lililochanika. Mlaze jalalani, mchome sindano, weka kinanda cha huzuni, watu watalia. Nikamtii, maana ni mkubwa wangu na mimi ndiyo kwanza naanza. Tulipiga siku mbili nyuma ya gereji moja Temeke. Chakula, nauli na taa za kukodi vilikula laki mbili na ushee. Nikahariri, nikaweka na kinanda.

Kisha nikampa kaka yangu simu atazame. Kaka alikula unga miaka saba. Sasa hivi anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye heroini, kila asubuhi mbele ya muuguzi, Jumapili na sikukuu hajakosa. Tiba hiyo hapa Dar ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na mimi kila nikiona foleni ya asubuhi pale huwa naomba dua kimoyomoyo. Alitazama dakika tatu, akanirudishia simu.

"Mdogo wangu, huyu kalewa gongo."

Akainuka, akasimama katikati ya sebule. Shingo ikalegea. Goti likaanza kukunjika polepole, kidevu kikashuka mpaka kifuani, mkono ukabaki hewani kama umeshika sigara. Nikajua anaanguka. Hakuanguka. Alipokaribia sakafu akajivuta juu taratibu, akajikuna pua, akaanza tena kushuka. Mlevi wa pombe hupepesuka, lakini aliyekula unga huinama kama anayetafuta shilingi iliyomdondoka, na anaweza kuitafuta saa nzima.

"Halafu mimi sindano sikuwahi kujichoma," akasema. "Nilikuwa navuta, nachanganya na bangi na tumbaku. Na siku nyingi nilikuwa msafi. Naoga, nachomekea. Ungenipa mtoto nimpeleke shule."

Usiku ule nilifuta kila kitu, laki mbili zangu zikaenda. Mwigizaji wangu, kijana wa Tandika, nikampeleka akae na kaka wiki nzima. Kama una mtu wa kukufundisha aliyeyapitia mwenyewe, usimwandikie maswali kwenye karatasi. Kaa naye tu, upike, ule naye.

Jambo la kwanza kaka alilonifungua macho lilikuwa, kwa kweli, macho. Aliyeona filamu ya Marekani ya mwaka 2000, Requiem for a Dream ya Darren Aronofsky, atakumbuka zile picha za haraka haraka: dawa inaingia mwilini, mboni ya jicho inapanuka ikajaa skrini. Ni uhariri mzuri sana, niliutazama mara nyingi nikitaka kuuiga. Lakini kwa unga ni kinyume chake. Heroini huibana mboni ikawa kama kichwa cha pini. Inapanuka mtu akishikwa na arosto, pale dawa imekwisha mwilini. Mama yetu alikuwa akimtazama kaka machoni tu anapoingia mlangoni, anajua siku hiyo ataombwa hela au hataombwa.

Basi nikaipata mbinu, na ninaionea fahari mpaka leo. Mboni huitii mwanga. Picha za kijana akiwa ameshakula nilizipiga uani saa sita mchana, jua la utosini, nikasogeza simu karibu kabisa: mboni nukta. Picha za arosto nikapiga chumbani, pazia limefungwa, mwigizaji kakaa gizani dakika kumi kwanza. Shida ni kwamba macho yetu ni meusi, mboni inamezwa humo humo usiione. Nilihangaika jioni mbili. Nikajaribu tochi ya mbele, mboni ikajibana mara moja. Mwisho niliweka mshumaa pembeni, usawa wa sikio, nikaurudisha mwanga kwa kioo kidogo cha kunyolea. Ule weusi wa katikati ukajitenga na ukahawia wake. Hapo nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Arosto yenyewe kaka alituelekeza kitu kwa kitu. Huanza saa chache baada ya dawa kuisha, na haianzi kwa kupiga kelele. Inaanza kwa miayo: mwayo, mwayo, mwayo, machozi yanatoka bila kilio, kamasi, vipele vya baridi kwenye mikono wakati Dar inachemka. Baadaye ndiyo viungo na tumbo. Kwa hiyo kijana wangu anapiga miayo tu kituoni, amechomekea vizuri, daladala zinapita. Watu walioitazama waliniambia hapo ndipo walipoogopa.

Kwa safari ya kumtafuta muuzaji nilitaka kamera inayofungwa mwilini mwa mwigizaji ikamtazama usoni. Wenyewe wanaiita SnorriCam, na Aronofsky aliitumia humo humo. Mtu anatembea, uso wake unatulia palepale katikati ya fremu, dunia nyuma ndiyo inayoyumba. Kwa mtu mwenye arosto ni sawasawa kabisa, maana kwake kilichobaki ni mwili wake tu, mji wote ni kitu kinachopita.

Kifaa cha kukodi sikukipata, nikaenda eneo la Gerezani kwa mafundi wa vyuma. Cha kwanza tulikitengeneza kwa bomba la chuma. Kijana akapiga hatua kumi, bomba likainama, kwenye picha nikapata kidevu na vifungo vya shati. Tukakikaza, akaumia bega. Fundi mmoja mzee, aliyekuwa ananitazama muda wote bila kusema, akaniambia, "Mwanangu, nyumbani huna antena ya zamani?" Ninayo! Bomba za antena ni aluminiamu, nyepesi. Tukafunga mbili kwa bolti kwenye mikanda ya begi la mgongoni, zikakutana mbele kama pembetatu, simu kwenye ncha, na mgongoni ndani ya begi chupa ya maji ya lita moja na nusu ili uzito wa mbele usimvute. Yote kwa elfu arobaini na kitu, pamoja na soda ya mzee.

Tukaingia nacho Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Jumamosi. Vijana wawili walimtangulia mwigizaji kwa hatua tano, kazi yao kuilinda simu. Picha ile ina sekunde hamsini, sikuikata popote.

Muziki nilitoa wote. Nilipata ujasiri kwa The Panic in Needle Park ya mwaka 1971, ambayo haina muziki na humo unasikia jiji tu. Kwangu niliacha sauti za nyumba: feni inalia kii-kii, redio, friji inanguruma. Na hapo ndipo penye moyo wa filamu. Stendi ya simu nilisimamisha sebuleni kwetu, miguu yake nikaichorea chaki, pazia tukafunga, taa moja. Kisha tukawa tunatoa kitu kimoja, tunapiga; tunatoa kingine, tunapiga. Feni. Redio. Pasi. Friji. Cherehani ya mama. Kila kitu kinapotoka, sauti yake inatoka nacho, hadi mwisho unasikia mbu. Jirani alipoona vyombo vyetu vyote vimepangwa uani alikuja mbio kuuliza kama mwenye nyumba ametufukuza.

Filamu ilipokwisha niliwaonyesha mama na kaka kwanza, sebule ile ile. Kwetu hatukuwahi kukaa tukazungumzia vitu vilivyopotea miaka ile. Ilipofika sehemu ya sebule mama akaniambia nisimamishe.

"Feni haikuwa ya kwanza," akasema. "Ilitangulia pasi."

Nikanyamaza. Kaka alikuwa anatazama skrini.

"Kweli mama, ni pasi," akasema. "Niliiuza Tandika, elfu nne. Feni niliichukua mwezi wa Ramadhani."

Mama akaitika kwa kichwa. Kesho yake asubuhi nilichora chaki upya, nikairudisha feni mahali pake, nikaitoa pasi, tukapiga tena.