Siku moja maishani mwangu: asubuhi 34 za mama wa Khwisero

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Hapa Butere, magharibi mwa Kenya, bado ni giza. Kabla sijaweka chai motoni naijaribu mizani kwa pakiti ya unga ya kilo 2. Ikisoma sawa, naifunga mkobani. Ikisoma vingine, siku imeharibika kabla haijaanza, kwa sababu kila gramu 100 ninayokosea kwenye mraba wangu mdogo inageuka kilo 16 kwenye eka nzima. Baada ya mizani nakagua kipima unyevu, kamba ya nailoni, vigingi vinne, magunia matupu, na tableti iliyolala kwenye chaji.

Nakusanya takwimu za mavuno kwa mradi wa utafiti wa kilimo. Huu ni mwezi wa Agosti, mahindi ya mvua ndefu yamekauka, na mambo yote tuliyoyafuatilia tangu Machi yanasubiri wiki hizi chache. Wakulima wetu kila mmoja ana vipande viwili vya shamba: kimoja cha vuta-sukuma, kingine alivyozoea kulima. Tunataka kujua kipi kinazaa zaidi, na muhimu kuliko hapo, kipi kinamwachia mkulima kitu mfukoni.

Saa moja kasorobo

Kijana wa boda amefika. Tunaelekea Khwisero, umande umelala juu ya miwa na migomba, watoto wako likizo kwa hiyo barabara ni tupu.

Nimefanya kazi hii misimu sita na nimezoea kuulizwa vuta-sukuma ni nini. Nitaieleza kama ninavyowaeleza akina mama kwenye vikundi. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Kuzunguka shamba unapanda nyasi ya nepia au brakiaria. Nondo anayezaa funza wa mabua haipendi harufu ya desmodiamu, kwa hiyo anasukumwa nje, na nyasi ya pembeni inamvuta. Anataga mayai huko, na funza wengi wakiangua kwenye nepia wananaswa na utomvu wake wenye kunata, wanakufa. Kazi hii ilianza Mbita, kando ya Ziwa Victoria, miaka ya 1990, kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, watafiti wakiongozwa na Zeyaur Khan pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kule Uingereza. Walikuwa wakitafuta dawa ya funza tu. Walipoweka desmodiamu kati ya mahindi wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: gugu la kayongo limetoweka.

Msomaji wa Nyeri au Mombasa huenda halijui kayongo. Sisi wa magharibi tunalijua kama tunavyomjua mwizi wa kijijini. Lina maua ya zambarau, mazuri kabisa machoni, lakini mizizi yake imejishikiza kwenye mizizi ya mahindi na inanyonya chakula chini kwa chini. Ukiliona limechipuka juu ya ardhi, hasara imeshaingia. Shina moja linatoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na mbegu hizo zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja mahindi. Mizizi ya desmodiamu inaziamsha mbegu hizo kisha inazizuia zisishike mzizi wa mahindi. Zinaota, zinakosa wa kumnyonya, zinakufa. Juu ya hayo desmodiamu inaongeza naitrojeni udongoni, nayo ni chakula cha ng'ombe.

Saa mbili

"Mulembe, mama."

"Mulembe muno, mwalimu. Karibu. Chai iko tayari."

Huku ukija na karatasi au tableti wewe ni mwalimu tu, hata ukikataa. Nakunywa chai na kiazi kitamu kimoja, kwa sababu kukataa chai ya mtu kisha uende kumpimia shamba ni kumvunjia heshima. Mzee wake ameketi chini ya mwembe akitengeneza mpini wa jembe. Tunasalimiana, namuuliza habari za mgongo wake, kisha tunaenda shambani na mama na mabinti wawili.

Vipande vyake vyote viwili ni robo eka, robo eka. Sichagui mimi mahali pa kuvunia. Tableti inanipa namba: hatua 17 kwa urefu, hatua 9 kwa upana, hapo ndipo kigingi cha kwanza. Hata kama hapo mahindi ni mabovu na pembeni yamesimama kama askari, navuna hapo hapo. Mama mwaka jana alinisihi nisogee kidogo upande wa mazuri. Sikusogea, na nilimweleza sababu. Leo yeye ndiye anayewakemea mabinti wasiguse mahindi ya nje ya kamba.

Mraba ni mita 5 kwa 5. Tunavunja mahindi yote ya ndani, tunahesabu, tunamenya, tunapukuchua. Mabinti wana vidole vyepesi kuliko mimi. Kipande cha vuta-sukuma: kilo 8.1, unyevu asilimia 22. Kipande cha kawaida, ambako maua ya kayongo bado yamesimama hapa na pale kati ya mabua: kilo 4.7, unyevu asilimia 23. Nikishazirudisha kwenye ukavu wa asilimia 13.5, ambao ndio kipimo cha mahindi ya kuhifadhi, zinabaki kilo 7.3 na 4.2. Kwa eka ni kama magunia 13 ya kilo 90 upande mmoja, na saba na nusu upande wa pili.

Mama anatazama mizani, hasemi neno. Kisha anacheka peke yake, cheko la chinichini, na kuingia jikoni.

Lakini mama huyu hana eka. Ana robo. Tofauti ya magunia matano na nusu inayopendeza kwenye ripoti, kwake ni gunia moja na kama kilo 36. Sisemi ni kidogo. Hiyo ni zaidi ya makopo 50 ya gorogoro, ni wiki nyingi za ugali katika nyumba ya watu saba. Nasema tu hesabu ianzie kwenye robo yake, isianzie kwenye eka ya mtu asiyekuwepo.

Saa nne na nusu

Sasa maswali. Mbegu, mbolea, magunia yaliyouzwa, hayo yanaenda haraka. Tukafika kwenye kazi: siku ngapi zilitumika kwenye kipande cha vuta-sukuma, kuanzia kutayarisha shamba mpaka jana?

"Siku kumi hivi," mzee akasema. "Tulipalilia mara mbili, basi."

Mama alikuwa anachambua mrenda. Hakuinua kichwa.

"Mzee, ukiniruhusu nimuulize na mama, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika jembe."

"Muulize. Huyo ndiye anajua," akasema mzee, tena kwa moyo mweupe, akaondoka na mpini wake.

Mama akaweka mrenda kando. "Mimi siwezi kukuhesabia siku, mwalimu. Naweza kukuhesabia asubuhi." Akaanza. Kulima, asubuhi tano, kwa sababu mvua ilianza wiki ile ya matanga ya shemeji yake na hakwenda shambani siku tatu. Kupanda, mbili. Palizi ya kwanza ilichukua soko mbili, yaani wiki mbili, ukitoa Jumapili na siku aliyompeleka mtoto zahanati. Kupunguza desmodiamu isifunike mahindi machanga, asubuhi nne, akiwa ameinama na kisu, kwa maana hapo jembe linakata visivyokatwa. Kukata nepia ya ng'ombe. Kubeba. Nikawa naandika kwenye daftari, si kwenye tableti, nisimkatize. Jumla: asubuhi 34. Kipande cha kawaida, pamoja na kung'oa kayongo kwa mikono: asubuhi 26.

Nikaingiza 34. Tableti ikakataa. Maandishi mekundu: namba haikubaliki, kikomo ni 30.

Aliyeunda fomu aliona haiwezekani robo eka ichukue siku zaidi ya 30. Naelewa kikomo kinawekwa ili tusiandike 340 kwa bahati mbaya. Lakini pale, mbele ya mama aliyenihesabia maisha yake kwa soko na matanga, fomu ilikuwa inamwambia amekosea. Mtandao ulikuwa hafifu, simu kwa msimamizi haikuingia. Nikaliacha swali wazi, nikaandika 34 kwenye sehemu ya maelezo, fomu ikabaki nusu.

Kisha nikamuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu. Na mwaka jana, ulipoanza?

"Mwaka jana?" Akashika kiuno. "Mwaka jana nilitaka kuing'oa yote."

Desmodiamu changa inafanana na magugu. Mbegu yake ni ndogo sana, inaota taratibu, na wiki za mwanzo huwezi kupita na jembe. Unapiga magoti, unang'oa gugu moja moja kwa vidole, ukiuliza kila jani: wewe ni nani? Alitoa asubuhi nyingi kuliko mwaka huu, na alipovuna, tofauti haikuonekana. Jirani yake mmoja alikata tamaa hapo hapo na kurudisha jembe. Yeye alivumilia kwa sababu ng'ombe aliipenda.

Saa saba mchana

Ugali, mrenda, omena. Nimekula kama mtu aliyevuna.

Mzee amerudi na amenishika kwa swali lake: mbolea hizi za dukani, zinalipa kweli au zinamlipa mwenye duka? Nikamweleza habari ya Busia, hapa hapa jirani. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio kwenye mashamba ya wakulima wenyewe, wakapima mavuno kipande kwa kipande. Nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo, mahindi yakiwa yamefika magotini, ilirudisha faida ya wastani wa asilimia 36 kwa msimu. Ila kifurushi kizima kilichokuwa kinapendekezwa rasmi, mbegu ya kisasa na mbolea ya kupandia na ya kukuzia pamoja, kwa mkulima wa kawaida kule hakikulipa. Kilizaa mahindi mengi, lakini hakikulipa. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2019.

"Kwa hivyo kuvuna sana si kupata sana," mzee akasema.

Nilimwomba arudie ili niandike. Ndilo somo ambalo mimi nilihitaji semina mbili kulielewa.

Saa tisa

Nyumba ya pili. Huyu alikuwa ameshavuna wiki iliyopita bila kutungoja, alihitaji karo. Sikumlaumu. Nikachukua majibu, mraba hakuna. Mvua ikatukuta njiani.

Saa kumi na moja jioni

Nimeshuka sokoni. Gunia leo linanunuliwa shilingi 3,000. Mwezi wa Mei mimi mwenyewe nililinunua 4,800. Kila mwaka ni hivyo: Agosti tunauza kwa sababu shule zinafungua, Mei tunarudi kununua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Kule Bungoma, watafiti Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walijaribu jambo rahisi pamoja na One Acre Fund, shirika linalowakopesha wakulima wadogo: kumpa mkulima mkopo wakati wa mavuno ili asilazimike kuuza. Waliopata mkopo waliweka mahindi, wakauza bei ilipopanda, na faida ikawa asilimia 29 ya pesa waliyokopeshwa. Hakuna mbegu mpya hapo, wala mbolea. Ni kungoja tu, ambako maskini hana uwezo nako.

Saa mbili usiku

Nimefungua daftari mezani. Mama yule alitoa asubuhi nane zaidi kwenye kipande cha vuta-sukuma, akapata gunia moja na kilo 36 zaidi. Akiuza leo, ziada hiyo ni kama shilingi 4,200, yaani 525 kwa kila asubuhi aliyoongeza. Akingoja bei ya Mei, ni 840. Kibarua cha palizi hapa ni 300. Mbolea alitia sawa pande zote mbili, na mbegu ya desmodiamu alipewa, hakununua. Nyasi ya ng'ombe sijaihesabu. Inalipa, na ninafurahi kwamba inalipa, kwa sababu naiamini kazi hii.

Ndiyo maana sitaki asubuhi hizo zifichwe. Tukimwambia mwanamke wa kikundi kipya kwamba kazi ni siku kumi, au 30 kwa sababu fomu imekataa zaidi, ataingia shambani akijiandaa kwa siku kumi. Msimu wa kwanza utamvunja, ataona sisi ni waongo au yeye ni mvivu, na ataing'oa desmodiamu mwezi mmoja kabla haijaanza kumlipa. Nimeona mashamba manne yakienda hivyo. Na kazi ya familia ikiandikwa sifuri kwa sababu haikulipwa pesa, basi faida yoyote itapendeza.

Saa tatu na robo

Msimamizi amepiga. Nilijitayarisha kubishana, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mama alihesabuje, nikamsomea daftari: matanga, soko, zahanati. Akanyamaza kidogo. Kikomo sasa ni 90, na amekubali tuongeze swali la msimu wa kwanza.

Kisha akaniuliza: "Hizo nyumba ulizopita wiki iliyopita, kuna zilizoandikwa 30 kamili?"

Nikafungua orodha. Ziko tatu. Nakumbuka moja vizuri, kukhu mmoja, yaani bibi, aliyeniambia "siku nyingi, mjukuu wangu, nyingi sana," nami jua likiwa linazama nikaandika namba ya juu kabisa ambayo tableti ingekubali.

Nimemtumia ujumbe kijana wa boda. Kesho tunaanza saa kumi na mbili, kwa kukhu kwanza.