Hita ya gari la kuishi inapopuliza hewa baridi

Hita ya gesi katika gari letu la kuishi ilitupulizia hewa baridi usiku kucha, na kosa langu lilikuwa kukimbilia bisibisi kabla ya kusikiliza. Hita hizi hufuata utaratibu maalumu: thamostati ikiomba joto, feni huanza kuzunguka, upepo wake ukipata nguvu, husukuma kibati chepesi chenye swichi ndogo, swichi ikishika, bodi ya umeme husubiri takriban sekunde 15 ili mabaki ya gesi yatoke, ndipo hufungua vali na kupiga cheche. Ukitega sikio, utajua ni hatua gani iliyokwama.

Mimi nilisikia feni peke yake. Laiti ningesikia cheche bila moto kushika, ningeanzia kwenye mtungi, kwani ukiufungua kwa pupa kizuizi cha usalama kinaweza kujifunga na kupunguza gesi. Dawa yake ni kuufunga, kungoja kidogo na kuufungua polepole. Vilevile, baada ya kubadilisha mtungi, hewa hubaki ndani ya mabomba, kwa hiyo ni vyema kuwasha jiko kwanza hadi moto wake utulie.

Kwa kuwa cheche hazikupigwa, nilishuku betri. Ipime feni ikiwa inazunguka, kwa sababu betri iliyochoka huonyesha zaidi ya volti 12 ikiwa imepumzika, kisha huporomoka inapopewa kazi, na feni inayozunguka kivivu haitoi upepo wa kutosha kusukuma kile kibati. Yangu ilikuwa nzima, na matundu ya hewa hayakuwa yamezibwa na kitu.

Nilifunga gesi, nikatenganisha betri, nikaitoa hita. Unywele mmoja wa mbwa wetu ulikuwa umejiviringisha kwenye mhimili wa kibati, ukiwa umenasa vumbi laini kama pamba, hivi kwamba kibati kiliishia nusu ya safari yake. Niliusafisha kwa brashi laini hadi kibati kikawa kinacheza bila kukwaruza, na kila nilipokibonyeza swichi ililia "tik".

Wapo wanaoshauri kuunganisha nyaya mbili za swichi hiyo ili kuiruka. Nawasihi msifanye hivyo kamwe: swichi ndiyo inayohakikisha kwamba moto hauwaki bila upepo, na chuma kinachotenganisha moshi na hewa tunayovuta kikipata joto kupita kiasi kinaweza kupasuka, na sumu ya monoksidi ya kaboni haina harufu ya kukuamsha. Shinikizo la gesi, ambalo kwa kawaida huwekwa kwenye inchi 11 za maji, nalo niliwaachia mafundi wenye kipimo chake.

Nilipoirudisha hita mahali pake, nilikagua viungo vya gesi kwa maji ya sabuni, nikajaribu kengele ya monoksidi ya kaboni, kisha nikapandisha thamostati. Feni ilizunguka, vali ikalia, moto ukavuma.