Maua yanaanzia kwenye ndoo

Kila intake mpya ya wanafunzi wangu wa kupamba maua ikiingia nawauliza nani amekuja kujifunza kupamba, mikono yote juu, halafu nauliza nani amekuja kuosha ndoo, kimya. Basi hapo ndo tunapoanzia. Wiki ya kwanza kwenye darasa langu hamna anayegusa rozi, ni kusugua ndoo kwa sabuni na jiki, kusuuza, kuanika, na wanaonuna wananuna kweli kweli, kuna waliolipiwa ada na wazazi wakiwa na picha za Instagram kichwani, sasa mtu anaambiwa achukue brashi.

Lakini ukae Dar Januari uone, joto linapiga 32 na unyevunyevu juu yake, ua lililokatwa halina mizizi, linakunywa kupitia mirija midogo ya kwenye kikonyo basi, na maji machafu yana bakteria ambao wakizaliana wanaiziba ile mirija. Rozi inainamisha shingo mbele ya wageni huku maji yamejaa tele kwenye chombo, watu wanasema "maua yenu mabovu", kumbe ubovu ulikuwa kwenye ndoo. Kwa hiyo tunafundisha hivi: majani yote yatakayozama yatoke, kikonyo kikatwe mshazari kwa kisu au mkasi mkali (mkasi butu unaminya mirija, ni sawa na hujakata), kiingie kwenye maji hapo hapo. Kwenye lita moja tunatia kijiko cha sukari, maji ya limau kidogo na tone la jiki, sukari ni chakula, limau linasaidia maji yapande, jiki inazuia bakteria. Na usiweke ndoo karibu na ndizi mbivu wala maembe, matunda yakiiva yanatoa gesi inaitwa ethilini, kanesheni zikiivuta zinajifunga na kulala. Mwanafunzi mmoja anayetoka familia ya wauza matunda aliposikia hivyo akasema ndo maana, akaenda kuhamisha meza ya mama yake.

Marozi yetu mengi yanatoka Arusha, yanakuja na basi kwenye maboksi, yanashushwa stendi ya Magufuli kule Mbezi yakiwa na kiu ya safari nzima. Tukifika nayo hatuyapangi, yanakunywa kwanza masaa kadhaa kwenye kivuli. Ukiwa na friji ni sawa lakini sio kila ua ni la friji, anthurium na helikonia ni watoto wa joto, ukiwalaza pamoja na rozi kwenye baridi kali asubuhi unakuta wameingia weusi.

Baada ya hapo ndo mikono inaanza kazi, na kitu ninachopenda kufundisha kuliko vyote ni shada la kushika mkononi, lile wanaloita spairo. Unashika ua la kwanza wima, la pili unalilaza juu yake kikonyo kikielekea kushoto, la tatu vile vile, kila ukiongeza unazungusha kidogo, vikonyo vyote vinalala upande mmoja na vinakutana sehemu moja tu, hapo kwenye dole gumba. Ukikosea upande hata ua moja linavunja wenzake shingo. Wanafunzi mwanzoni wanabana kama wameshika kuku asikimbie, jasho linawatoka, nawaambia legeza, vidole viwili vinatosha. Mtihani wake ni rahisi, funga kamba, sawazisha vikonyo, simamisha mezani uachie. Likisimama lenyewe umefaulu, likianguka rudia. Siku la kwanza linaposimama darasa zima linapiga kelele mpaka mwalimu wa ushonaji anakuja kuchungulia.

Halafu kuna hili suala la picha. Mteja anatuma picha ya maua ya pioni, yale mapana ya kujaa, ua la nchi za baridi, huku kwetu ulipate wapi na kwa hela gani. Badala ya kubishana na dada wa watu tunachukua rozi kubwa iliyokwisha kunywa vizuri, unaipasha kwenye viganja kidogo, petali za nje unazikunja moja moja kwa dole gumba kwenda nyuma, pole pole, zile tatu nne za katikati unaziacha zimefunga. Rozi inakuwa mara mbili ya ilivyokuwa. Haitadumu sana baada ya hapo, lakini harusi ni jioni moja.

Na mimi nilikojifunzia mwanzo hakukuwa na picha wala spairo. Nimekulia Tanga, mama mdogo alikuwa anafunga vikuba, vile vishada vidogo vya maua ya kunukia vya kuvaa, asumini zinachumwa jioni zikiwa bado zimefumba, zinatungwa na uzi hivyo hivyo changa, zinafunguka usiku zikiwa tayari kwenye nywele za mtu. Unachanganya na rehani, petali za waridi, langilangi ukipata. Nilivyoingia kozi ya maua baadaye tukafundishwa kwamba ua linavunwa kabla halijafunguka kabisa ili mteja alifurahie likifungukia kwake, nikacheka peke yangu. Wasichana kutoka Unguja na Pemba wakija darasani wanadhani hawajui kitu, nawapa asumini na uzi wawafundishe wenzao, wale wa bara wanabaki macho tu. Haimo kwenye mtaala, mi nimeiweka.

Sipendi kabisa darasa la maua linaloishi kwa vitu vya kuagiza. Chukua ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua, Wamarekani wameanza kuiuza miaka ya 1950, ni plastiki ile, haiozi, inasagika vumbi linaloingia kwenye mitaro na bahari, Uingereza wale wenye maonyesho makubwa ya maua ya Chelsea waliipiga marufuku kwenye maonyesho yao tangu 2021. Sisi bado tunaifundisha kwa sababu kazini wataikuta (iache izame yenyewe kwenye maji, ukiikandamiza inabaki na hewa katikati na ua likichomekwa pale linakauka), ila sambamba nayo tunatumia wavu wa banda la kuku uliokunjwa ndani ya chombo, na gogo la mgomba. Gogo la mgomba limejaa maji lenyewe, unalikata vipande, unatoboa kwa kijiti, unachomeka. Bure.

Majani ndo usiseme, nchi hii imejaa majani, kroton, mnazi, monstera. Siku moja nilileta masale nifundishe kukunja majani kwa ajili ya meza za harusi, kijana mmoja wa Moshi akaweka mkasi chini, akasema ticha samahani, kwetu hili jani ukimpelekea mtu kumwomba msamaha hawezi kukukatalia, linawekwa mipakani na makaburini, mimi kulikunjakunja kwa urembo siwezi. Darasa likagawanyika. Mchaga mwenzake akasema mbona harusini kwao yanatumika bila shida. Tuliongea kipindi kizima, rozi zikakaa kwenye maji zikisubiri, na nadhani hakuna somo lililowaingia kama lile, maana mpambaji asiyejua jani linasema nini kwa wageni siku moja ataaibika ukumbini. Yule kijana alitumia kroton.

Kinachowashinda wengi wala sio mikono, ni hesabu. Meza 20, kila meza rozi 12, hizo 240, ongeza asilimia 10 za kuvunjika njiani, 264. Bunda lina rozi 20, unanunua mabunda mangapi? Nusu ya darasa wanasema 13. Kumi na tatu ni 260, umepungukiwa nne na saa tisa usiku hakuna duka. Na hata wakipata 14 wanasahau bajaji, tepu, waya, maji, na wale vijana wa kubeba stendi na kupanda ngazi, na wao wenyewe waliokesha. Kamati ya harusi ikisema "punguza kidogo mwanangu" wanapunguza mpaka wanarudi nyumbani na deni. Kwa hiyo siku hizi mtihani wa mwisho ni shada pamoja na karatasi ya bei, alama nusu kwa nusu, wanalalamika sana.

Muhula ujao naongeza mashada ya msiba. Ramadhani na Kwaresma harusi zinakauka, wahitimu wangu wanakaa bila kazi, wakati mashada yanahitajika mwaka mzima na wengi wanauziwa ya plastiki tu. Shida ilikuwa pete za chuma za kufungia. Nimeongea na mwalimu wa welding, amekubali vijana wake watuchomelee kutoka vipande vinavyobaki, kwa sharti kwamba mahafali yao tuwapambie bure, na maua yawe ya kweli.