Usianze na Robert Johnson

Mpwa wangu ameniandikia jana usiku: "Shikamoo anko. Hii bluzi yako naianzia wapi? Nimemsikiliza huyo Robert Johnson wanayemsifu, naona kama mtu anaimba huku anakaanga samaki." Nimecheka peke yangu, kisha nikaanza kumjibu. Jibu limezidi ukubwa wa ujumbe wa simu, basi naliweka hapa na yeye atalisoma hapa hapa.

Kwanza hao samaki. Johnson, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi, muziki wa Weusi wa Marekani, alirekodi katika miji miwili tu: San Antonio, Novemba 1936, na Dallas, Juni 1937. Nyimbo 29 kwa jumla. Mwaka 1938 akafariki akiwa na miaka 27. Mlio unaokukera ni wa santuri za enzi zile, za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo sindano za gramafoni zilizichuna kwa miaka mingi kabla hajatokea mtu wa kuzitunza. Mimi nampenda Johnson. Lakini wanaopanga orodha za wanaoanza humweka juu kabisa kwa sababu ya kile kisa cha shetani na njia panda, eti aliuza roho ili apewe vidole. Mgeni anakuja kutafuta shetani, anakuta mlio wa kikaango, anaondoka.

Mimi ningekupeleka kwa mzee Mississippi John Hurt, tena si kwa rekodi zake za kwanza. Tafuta albamu iitwayo Today!, ya 1966. Wimbo unaofungua ni "Pay Day". Usikilize usiku, spika ziwe masikioni. Dole gumba linatembea kwenye nyuzi nene, halichoki wala halina haraka, na juu yake vidole vingine vinaimba wimbo ule ule anaouimba yeye kwa mdomo. Hapazi sauti. Ni sauti ya kibarazani, ya mtu asiyetaka kumwamsha jirani.

Wewe umekua ukisikia gitaa la Jean Bosco Mwenda nyumbani kwa babu yako, ule wimbo "Masanga" ambao Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliurekodi Jadotville, Likasi ya leo huko Kongo, mwaka 1952. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Mmoja alikuwa mkulima Mississippi, mwingine kijana wa Katanga. Nasema tu kwamba sikio lililolelewa na vidole vya Mwenda haliwezi kujiona geni kwa Hurt. Na Mwenda naye alikuja kupiga kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani, mwaka 1969, jukwaa ambalo Hurt alilipanda mwaka 1963.

Kisa cha Hurt nakipenda kuliko cha shetani. Alirekodi kwa kampuni ya Okeh mwaka 1928, santuri hazikuuzika, uchumi wa Marekani ukaporomoka, naye akarudi kijijini Avalon kulima. Miaka thelathini na zaidi ikapita. Kwenye wimbo mmoja wa zamani alikuwa ametaja kwamba kwao ni Avalon. Mwaka 1963 kijana mmoja mpenzi wa santuri, Tom Hoskins, akafuata neno hilo kwenye ramani, akaenda, akamkuta mzee yupo, gitaa hana, lakini mkono bado unakumbuka kila kitu. Hurt akapata miaka mitatu ya kushangiliwa, akafariki 1966. Ndiyo maana nakusisitizia rekodi za miaka ya 60: ni mtu yule yule, ila maikrofoni ni nzuri na hakuna anayekaanga.

Ulilalamika pia kwamba nyimbo zote ni moja. Hapo nakukatalia. Umbo ndilo moja: mstari wa kwanza, unarudiwa, kisha wa tatu unajibu, na hapo ubeti umekamilika. Sisi tuliokaririshwa shairi la mizani kumi na sita na vina vya kati na vya mwisho hatuna uso wa kulalamikia umbo linalojirudia. Kinachotakiwa ni kusikiliza kinachotokea mwimbaji anapofunga mdomo. Kila mwisho wa mstari kuna nafasi, na katika nafasi ile gitaa linasema lake: linakubali, linabisha, wakati mwingine linamcheka mwenyewe.

Kulisikia hilo vizuri, chukua albamu Folk Singer ya Muddy Waters, ya 1964. Ni yeye, Willie Dixon kwenye besi, Clifton James kwenye ngoma, na kijana Buddy Guy anayempokea kwa gitaa la pili. Hakuna umeme kwenye magitaa, na chumba kimya kiasi kwamba unasikia chuma kinavyoteleza juu ya uzi. Ukishalala na albamu hiyo siku kadhaa, rudi nyuma miaka kumi usikie "Hoochie Coochie Man" ya 1954. Mtu yule yule, ila sasa ana gitaa la umeme na kundi zima nyuma yake, Little Walter akipuliza harmonika. Wanapiga, wanasimama, Muddy anasema neno lake, wanapiga tena. Alikuwa ametoka kwenye mashamba ya pamba ya Mississippi mwaka 1943 akahamia Chicago pamoja na maelfu ya Weusi wengine waliokimbilia viwanda vya kaskazini. Baa za kule zina kelele, na gitaa la mbao halisikiki. Umeme ule ulianza kama shida ya kusikika tu.

John Lee Hooker nampitia haraka, maana ama utampenda papo hapo ama hutampenda kabisa. "Boogie Chillen'", 1948, Detroit: gitaa, sauti, na mguu wake ukigonga sakafu. Kodi (chord) moja ya gitaa, yaani noti zile zile zinazopigwa pamoja, karibu wimbo mzima. Ukishika moto hapo, nenda kwa Ali Farka Touré wa Niafunké, Mali, ambaye watu walimfananisha na Hooker mpaka akachoka kuwaeleza kwamba mto wa muziki huu unaanzia kwake.

Sasa akina mama. Orodha nyingi huwatupa mkiani, na hili linaniudhi kwelikweli, kwa sababu ndio waliofungua mlango. Kabla ya yeyote kati ya wazee hawa wa gitaa, Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" Agosti 1920, ikauzika hadi kampuni zikagundua kwamba Weusi nao wananunua santuri. Kwako nimemchagua Bessie Smith na "St. Louis Blues" ya Januari 1925. Hapa nakuomba uvumilie sauti ya zamani, maana imerekodiwa kwa baragumu la kukusanyia sauti, kabla ya maikrofoni za umeme. Kinanda cha upepo kinavuta nyuma yake, Louis Armstrong na korneti yake, aina ya tarumbeta, anajibu kila anachosema Bessie. Wanaulizana na kujibizana wimbo mzima, na hakuna hata mmoja anayemkatiza mwenzake. Siku nyingine nitakuletea Memphis Minnie, na Elizabeth Cotten aliyepiga kwa mkono wa kushoto gitaa la mkono wa kulia, dole gumba likiimba na vidole vikishika besi, kinyume cha Hurt.

Kama unadhani bluzi ni msiba tu, weka B.B. King, Live at the Regal, iliyorekodiwa Chicago Novemba 1964. Mimi huisikiliza zaidi kwa ajili ya watu waliojaa ukumbini. Kwenye "How Blue Can You Get" anaorodhesha yote aliyomfanyia mwanamke wake, gari, chakula, nyumba, na kila alichotoa kikadharauliwa, mpaka anafika kwa watoto. Hapo wanawake ukumbini wanapiga ukelele ambao hakuna studio ingeweza kuutengeneza. Ni kichekesho na ni uchungu kwa pumzi moja. Wakongomani walimwona kwa macho yao Kinshasa, 1974, kwenye tamasha lililofungamana na pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman.

Baada ya hapo ndipo uingie kwa wagumu. Son House, "Grinnin' in Your Face", 1965: mzee anaimba na kupiga makofi, basi, hata gitaa ameliweka chini. Skip James wa 1931, mwenye sauti nyembamba ya juu inayonisumbua hadi leo. Blind Willie Johnson, 1927, anayeguna tu bila maneno, ambaye wanasayansi wa Marekani waliipakia rekodi yake kwenye chombo cha anga cha Voyager mwaka 1977 na sasa iko kwenye anga iliyo kati ya nyota. Huyu aliimba nyimbo za dini, na wabishi watakuambia hahesabiki. Waache. Kisha mrudie Robert Johnson, uniambie kama bado unanusa samaki.

Nikiwa bado naandika, ujumbe mwingine umeingia. "Anko, nimekutana na mmoja huko YouTube, anaunguruma. Howlin' Wolf. Huyu ni mtu kweli?"

Nilikuwa nimemwacha makusudi, kwa kudhani ngurumo ile itamtisha. Jina lake Chester Burnett, jitu la miraba minne, na wimbo alioupata kijana ni "Smokestack Lightning" ya 1956. Mpango wangu wote wa hatua kwa hatua umeishia hapo. Nimemjibu kwamba ndiyo, ni mtu, atafute Moanin' in the Moonlight ya 1959, na asithubutu kuisikiliza kwa sauti ndogo.