Kutoka Manowari Hadi Helikopta

Mpwa wangu, mzaliwa wa Wete, Pemba, aliyehamia Marekani na wazazi wake na sasa ni raia wa huko, ameamua kuacha ufundi katika Jeshi la Wanamaji ili aingie Jeshi la Nchi Kavu, awe afisa mteule, cheo kilicho kati ya askari na maafisa wa kawaida, na rubani wa helikopta. Nimeupokea uamuzi huo kwa fahari kubwa, na kwa hofu pia.

Njia hiyo haidai shahada ya chuo kikuu, jambo ninaloliona la busara, lakini inadai ridhaa ya maandishi ya jeshi analotoka, mtihani maalumu wa urubani, vipimo vya afya, kisha mafunzo huko Fort Rucker, Alabama. Anayehitimu urubani hufungwa na utumishi wa miaka 10.

Kinachonishughulisha zaidi ni kukiongoza chombo chenyewe. Mkono wa kushoto hushika wenzo wa kukipandisha na kukishusha, wa kulia hukielekeza, na miguu hukanyaga pedali zinazogeuza pua. Kiungo kimoja kikisogea, vingine havina budi kufuata papo hapo. Tena wanafunzi hufungwa mikanda ndani ya kijumba kinachozamishwa na kupinduliwa bwawani ili wajifunze kujiokoa, kwa sababu injini na mapanga viko juu, na helikopta ikianguka majini hupinduka upesi. Hapo simhofii, maana alikulia baharini.

Aliponipigia simu akisema, “Mjomba, niombee dua,” nilimwombea, kisha nikamsihi azungumze na mkewe kuhusu hiyo miaka 10 kabla hajatia saini.