Mchezo Usiosema Neno

Jumapili usiku, Kitangiri, Mwanza

Samorost ni mchezo wa kompyuta mfupi mno. Ukiuanza baada ya chakula cha jioni, muda wa kulala unakukuta umeshaumaliza. Nimeucheza mara nyingi na bado nauona kuwa ni moja ya vitu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvifungua kwenye kompyuta.

Kuna kibwana mdogo aliyevaa nguo nyeupe, anaishi kwenye kijisayari chake huko angani. Siku moja anachungulia kwenye darubini, anaona sayari nyingine, ya mizizi na magogo, inakuja moja kwa moja kumgonga. Anapanda chombo chake na kuifuata ili aigeuze njia. Kisa ni hicho tu. Hakuna maelekezo, hakuna adui wa kupiga risasi, hakuna saa inayokukimbiza. Kila unapofika ni picha moja yenye vitu vyake, na kazi yako ni kutazama, kubofya, kusubiri, hadi ugundue kipi kinasukuma kipi ili njia ifunguke.

Aliyeutengeneza ni Jakub Dvorský wa Ucheki, na ilikuwa kazi yake ya kuhitimu masomo ya sanaa mjini Prague, mwaka 2003. Alichukua picha za vitu vya kweli, mizizi, magome, kuvu, akaviunganisha mpaka vikawa ulimwengu. Nadhani ndiyo sababu unanishika hivi. Mtu aliyekulia Mwanza hahitaji kuelezwa kwamba jiwe linaweza kuwa na sura. Tumezungukwa na miamba iliyobebana, mingine imekaa juu ya mwenzake kwa namna inayokufanya ujiulize inashikiliwa na nini, na watu wamejenga nyumba katikati yake, wakaanika nguo na dagaa juu yake. Nikiitazama ile sayari ya magogo, na vile vijinjia vinavyopita kwenye mianya yake, naona kabisa vichochoro vya mlimani huku kwetu.

Wiki hii shangazi yangu yupo hapa, amekuja kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, kwa matibabu. Kiingereza hajui, na kompyuta huwa anaiona kama kitu cha kazi zangu. Juzi mwanangu alikuwa anacheza, amefika kwa yule mtu anayevuta shisha. Mtoto anabofya kila kona ya kioo, haraka haraka, kipanya kinalia ta-ta-ta, na hakuna kinachoendelea. Shangazi alikuwa amekaa nyuma yake anachambua mchele. Akaacha ungo, akasogeza kiti.

"Mjukuu wangu, hebu kitulize hicho kidude. Mtazame kwanza huyo mzee anafanya nini."

"Bibi, hafanyi kitu, anavuta tu."

"Ndiyo hicho anachofanya. Mtazame."

Wakatazama, vichwa vimekaribiana. Baadaye akanyoosha kidole chenye vumbi la mchele, akagusa kioo pembeni kabisa, mahali ambapo mimi mwenyewe nilichelewa kupaona: "Na hapa je, umejaribu?" Tangu hapo mchele haukuendelea. Walipofika kwenye ile lifti ya kamba, ya kupandisha watu mlimani kama kwenye nchi za theluji, hakuna kati yao aliyewahi kuona kitu cha namna hiyo, lakini waliielewa. Kamba inavuta, kiti kinapanda. Nani atafsiriwe hapo?

Shangazi amekaa na wavuvi wa dagaa maisha yake yote. Kazi ile ni ya usiku wa giza, taa zinawashwa majini na dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi mingi inalala ufukweni. Anasema mvuvi mwenye pupa huvuta wavu kabla dagaa hawajakusanyika. Sikushangaa kwamba mchezo huu ulimkubali. Tatizo la michezo mingi ya simu anayocheza mwanangu ni kwamba haikuachii nafasi ya kukaa tu na kutazama. Inapiga kelele, inakuomba ununue, inakupa zawadi kila dakika ili usiondoke.

Jambo linaloniumiza ni jinsi Samorost ulivyokaribia kupotea. Ulitengenezwa kwa Flash, programu ya zamani ya katuni na michezo ya mtandaoni, ukawa unachezwa ndani ya kivinjari, na wenye Flash, kampuni ya Adobe, waliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020. Januari iliyofuata wakaizuia kabisa. Michezo mingi ya zama zile haikupata wa kuihamisha. Huu ulipata bahati: kampuni ya Dvorský, Amanita Design, iliusafisha upya ikautoa tena mwaka 2021, ukiwa na muziki mpya wa mwanamuziki Floex. Unaupakua bure. Kwa sisi tunaopima bando kabla ya kufungua video, neno bure lina uzito wake, lakini ningeulipia hata hivyo.

Natamani sana vijana wa hapa wanaojifunza kutengeneza programu wauone. Hauna jeshi la watu nyuma yake. Una jicho, subira na picha za vitu vilivyookotwa porini. Ufuko wetu una magogo yaliyoliwa na maji, magugu maji yaliyokauka, mitumbwi iliyooza nusu, na miamba ambayo hakuna mchoraji angeithubutu. Kamera ya simu inatosha kuanza.

Jana nilimwambia shangazi kwamba ipo sehemu ya pili, ya mwaka 2005, inauzwa, na inaanza pale wageni wanapomwibia yule kibwana mbwa wake.

"Mbwa wake? Wamempeleka wapi?"

"Ndiyo anakwenda kumtafuta, shangazi."

"Basi inunue, mwanangu. Mimi narudi Nansio Jumatano, na sitaondoka bila kujua kama kampata."